Kibali nilisaini mimi, lawama anabeba kijana niliyemleta kazini

SWALI

Mzee mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mkazi wa Moshi, na ni mhandisi mwandamizi katika kazi ya kusanifu prosesa, yaani ile chipu inayofanya hesabu zote ndani ya simu na kompyuta. Kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na minne, tisa kati ya hiyo nikiwa ughaibuni, na tangu baba alipopata kiharusi nimeruhusiwa kuifanyia nyumbani kwetu Kibosho, nikiingia kwa intaneti kwenye seva za kampuni iliyoko Marekani. Mikutano yetu mikubwa hufanyika saa tisa alasiri ya kule, ambayo wakati wa baridi yao ni saa sita usiku kwetu.

Mkataba unanizuia kueleza mengi ya ndani, lakini bila kueleza kidogo hutaona kosa langu liko wapi. Sisi tunaandika maelezo ya mzunguko kwa lugha ya Verilog, programu nyingine inayageuza kuwa transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, na nyaya, kisha ramani inapelekwa kiwandani. Ikishaingia kiwandani, kosa moja tu linaweza kulazimisha kutengenezwa kwa vielelezo vipya vya kuchapia chipu, ambavyo kwa teknolojia ya sasa hugharimu mamilioni ya dola, na kusubiri miezi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya jasho letu inaishia kwenye uhakiki, yaani kuijaribu prosesa ikiwa bado ni maandishi. Kuna orodha ndefu ya hali zinazopaswa kuonekana zimejaribiwa, na kila hali ambayo haijaguswa lazima ama iandikiwe jaribio, ama mtu mwenye mamlaka asaini kibali cha kuiruka, akieleza kwamba haiwezi kutokea au haina madhara. Katika sehemu ninayoiongoza, inayohusika na kusoma na kuandika kwenye kumbukumbu, mwenye mamlaka hayo ni mimi.

Miaka miwili iliyopita niliombwa kutafuta kijana wa uhakiki, nikampendekeza kijana wa Arusha niliyekuwa nikimfundisha Verilog mwishoni mwa wiki. Alisoma ufundi wa elektroniki, mengine akajifunza mwenyewe usiku kwa kompyuta ya kuazima, na kwa macho ya kuona kasoro sijakutana na wengi wanaomfikia. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja. Yeye huniita dada.

Wiki ya mwisho kabla ya ramani kupelekwa kiwandani, baba alilazwa tena. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, kompyuta mapajani, intaneti naichukua kwenye simu, nina hali 31 za kuamulia kabla ya mkutano wa usiku huo. Kijana akaniandikia: «Dada, hii namba 17 tuna uhakika nayo? Ombi la kiini kingine likifika kwenye mpigo uleule ambao foleni inajaribu upya kuandika, sioni kinachozuia.» Kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya hesabu kwa kujitegemea, mpigo ni hatua moja ya saa ya ndani inayoiendesha, na foleni ni mahali data inaposubiri kuandikwa kwenye kumbukumbu. Nilisoma ujumbe huo nikiwa nimeshasimama, kwa kuwa muuguzi alikuwa ananiita. Nikajibu: «Haiwezi kutokea, nimeshaiangalia. Iruke.» Nikasaini. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeiangalia. Niliiangalia katika prosesa iliyotangulia, ambayo foleni yake ilijengwa kwa namna nyingine.

Chipu ziliporudi, zilikuwa zinaganda. Si mara kwa mara, ila za kutosha kuwasumbua watu wa maabara kwa wiki saba, mpaka wakafika palepale: data iliyokuwa ikisubiri kuandikwa inapotea, kwa sababu foleni inaamini imeshaandika. Kwenye mkutano wa tathmini mkurugenzi aliuliza nani alikuwa mhusika wa hali hiyo. Jedwali lililokuwa kwenye skrini lilionyesha safu ya mhusika, yenye jina la kijana. Safu ya msaini ilikuwa mbali kulia, haikuonekana. Mtu mmoja akasema ni upungufu wa uzoefu. Niliona alama ya kipaza sauti cha kijana ikiwaka, kisha ikazimika bila yeye kusema neno. Nami sikusema.

Hizo ni wiki tatu sasa. Mkataba wake unaamuliwa mwisho wa mwezi huu. Jumapili iliyopita mama yake alikuja Kibosho na mkungu wa ndizi na maziwa ya mgando, kunishukuru kwa kumwinua mwanawe, ambaye ndiye anayewasomesha wadogo zake wawili. Nilipokea kwa mikono miwili, na usiku huo sikulala.

Nisiposema, kijana anaweza kuondolewa kwa kosa langu. Nikisema, naogopa tutaondolewa wote wawili, matibabu ya baba yakwame, na mlango ambao nilikuwa wa kwanza kuufungua kwa watu wa huku ufungwe kwa jina baya. Tena najiuliza kama kusema kutabadilisha chochote, maana kosa lenyewe limeshajulikana na linarekebishwa. Naomba unishauri kama mzazi.

Mhandisi, Kibosho

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuuguza. Barua yako nimeisoma mara tatu. Baadhi ya maelezo ya mtambo nimeyaondoa kabla ya kuichapisha ili usivunje mkataba wako kwa ajili ya safu hii.

Jibu langu ni kwamba useme, na useme wiki hii, kabla uamuzi wa mkataba wa kijana haujapita. Umeniomba ushauri kama mzazi, na kama mzazi ningeweza kuishia hapo. Lakini nimefundisha elektroniki ya dijitali vyuoni kwa muda mrefu, na katika barua yako sentensi iliyonishtua kuliko zote ni ile uliyoiandika kama jambo dogo, kwamba kosa limeshajulikana na linarekebishwa. Hapo ndipo ninapotofautiana nawe kabisa. Kilichojulikana ni dalili. Chanzo unakijua wewe peke yako.

Tazama kampuni inaamini nini sasa hivi. Inaamini kwamba kijana asiye na uzoefu hakuiona hali namba 17. Kwa imani hiyo itafanya yanayofuatana nayo: itaongeza jaribio moja la hali hiyo, itaweka mtu mwenye uzoefu zaidi mahali pake, na itasonga mbele kwenye prosesa inayofuata. Lakini ukweli uliouandika wewe mwenyewe ni kinyume. Kijana aliiona, akaitaja kwa maneno yaliyo sahihi, akauliza. Iliyoshindwa ni njia ya kibali: mtu mmoja, usiku wa manane, akiwa na mgonjwa, alikuwa na mamlaka ya kusema «haiwezi kutokea» bila mtu yeyote kumwomba uthibitisho. Zaidi ya hapo, ulisaini hali 31 katika kikao kile kile. Moja imekwisha kujidhihirisha. Zile 30 je? Ni ngapi kati yake ulizipitisha kwa kumbukumbu ya prosesa iliyotangulia? Hakuna mtu mwingine duniani anayejua kwamba swali hilo linapaswa kuulizwa, na huenda chipu zenye majibu yake zinajiandaa kuingia sokoni. Kunyamaza kwako kumemdhulumu kijana, na kila siku kunaiacha hitilafu nyingine ambayo huenda ipo ikae salama mahali ilipo.

Naomba nikae kidogo kwenye neno «haiwezi kutokea», kwa kuwa wahandisi vijana wa Arusha na Moshi watasoma safu hii. Tuchukue prosesa ya mipigo bilioni 2 kwa sekunde. Jambo linalotokea mara moja katika mipigo trilioni moja, ambalo mtu yeyote mtaani angeliita muujiza, litatokea humo kila baada ya sekunde 500, yaani dakika nane na sekunde ishirini. Sasa geuza upande wa pili. Uigaji wa prosesa nzima ndani ya kompyuta ni wa polepole mno. Ukitembea kwa mipigo elfu moja kwa sekunde, sekunde moja tu ya chipu halisi itakuchukua zaidi ya siku 23 kuiiga. Maana yake ni kwamba uigaji unaweza kukimbia miezi bila kuona jambo ambalo mteja ataliona kabla chai yake haijapoa. Ndiyo sababu katika kazi yenu «haiwezekani» si maoni ya mtu mwenye uzoefu. Ni dai linalohitaji uthibitisho wa kihisabati, au angalau mtu wa pili wa kulipinga. Kijana wako alifanya kazi ya yule mtu wa pili, na aliifanya vizuri.

Unaogopa kwamba kukiri kosa ni mwisho wa kazi. Sitakuahidi kwamba hakutakuwa na gharama, kwa sababu mwajiri wako simjui. Lakini kasoro kwenye prosesa si aibu ya ajabu. Kampuni kubwa kadhaa huchapisha waraka wa kasoro zinazojulikana za prosesa wanazouza, na wahandisi wenye heshima huacha ndani ya chipu swichi za kuzima sehemu fulani ikibainika ina tatizo, hata kama kasi itapungua. Kinachoumiza zaidi ya kosa ni namna linavyoshughulikiwa. Mwaka 1994 profesa wa hisabati Thomas Nicely, wa Lynchburg College kule Virginia, aligundua kwamba prosesa ya Pentium ya Intel inakosea baadhi ya migawanyo ya namba za desimali. Chanzo kilikuwa nafasi tano zilizoachwa tupu katika jedwali lililotumiwa na mzunguko wa kugawanya. Kampuni ilikuwa imekwisha kulibaini kosa hilo ndani kabla ya profesa kulitangaza, ikaona mtumiaji wa kawaida hatakutana nalo, na mwanzoni ikataka mteja aonyeshe kwanza kwamba anahitaji kubadilishiwa. Desemba mwaka huohuo ilikubali kumbadilishia yeyote atakayeomba, na gharama iliyoandikwa katika vitabu vyake vya hesabu ilikuwa dola milioni 475. Nafasi tano za jedwali zisingefika bei hiyo peke yake. Tena kosa lile lilikuwa moja ya sababu zilizoufanya uthibitisho wa kihisabati upewe uzito mkubwa katika usanifu wa prosesa uliofuata, na hilo liliwezekana kwa kuwa chanzo halisi kilifahamika na kuwekwa mezani.

Sasa namna ya kufanya.

Kwanza nenda Arusha. Usimpigie simu kijana, na usimwandikie. Ni kama kilomita 80, panda basi asubuhi, mkae mahali mnapoweza kuzungumza. Mweleze kwamba ulimwambia umeiangalia hali ile ilhali hukuwa umeiangalia. Sentensi hiyo itakuwa ngumu kuliko zote utakazozisema mwezi huu, kwa sababu huenda mpaka leo anaamini uliiangalia kweli na mkakosea wote wawili, na pengine ameanza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe. Kisha mwambie unakwenda kuandika barua kwa mkurugenzi, na umsomee. Usimwombe ruhusa wala msamaha siku hiyo. Ukimwomba msamaha papo hapo, kijana aliyelelewa kwa adabu za kwetu atakusamehe kabla hajapata nafasi ya kukasirika, na utakuwa umemnyang'anya kingine tena. Alinyamaza mkutanoni kwa heshima yako. Mwambie waziwazi kwamba siku nyingine awashe kipaza sauti hicho na aseme, hata kama anayepingwa ni wewe.

Barua kwa mkurugenzi iwe fupi, iliyoandikwa, na itumwe siku hiyohiyo, kabla ya mkutano wowote. Andika kwamba kibali cha hali namba 17 ulikisaini wewe. Kwamba mhusika alikuuliza kwa maandishi kama hali hiyo inawezekana, na ukamjibu umeiangalia ilhali hukuwa umeiangalia katika usanifu huu. Kwamba ulikuwepo kwenye mkutano wa tathmini na hukusahihisha, na hilo nalo ni kosa lako. Kwamba unaomba kumbukumbu za tathmini zirekebishwe kabla ya uamuzi wowote kuhusu mkataba wake. Na kwamba unapendekeza vibali vyote 31 vya kikao kile vipitiwe upya na mtu asiyekuwa wewe, huku ukiorodhesha vile ambavyo wewe mwenyewe una mashaka navyo. Ugonjwa wa baba utaje kwa sentensi moja, kama hali iliyokuwepo, usiutumie kama kinga. Maneno «sote tulikosea» yasiwemo kabisa.

Jambo jingine la tahadhari: ujumbe wako na wa kijana umo ndani ya mfumo wa kampuni. Usiufute, wala usiuhamishie kwenye simu yako ili uwe na ushahidi wa kujitetea. La kwanza ni kuficha, la pili huenda ni kuvunja mkataba wa siri. Eleza tu mahali ulipo na tarehe yake. Na ujue kwamba kwa kuwa umo humo, kuna siku mtu ataufungua akitafuta jambo lingine. Ningependa siku hiyo akute barua yako imeshatangulia.

Ile hofu ya mlango kufungwa naielewa sana, na haikutoka kwenye ubinafsi. Mtu wa kwanza kutoka mahali huona kama amebeba jina la mahali pote. Lakini angalia jina lililobebwa hivi sasa kule: kwamba kijana kutoka Tanzania hakuona kasoro. Hilo ndilo linaloandikwa wakati wewe umenyamaza ili kulinda jina letu. Ukweli una sifa nzuri zaidi kwetu sote, kwamba kijana wa Arusha aliyejifundisha mwenyewe aliona usiku ule jambo ambalo maabara nzima ililitafuta kwa wiki saba. Kampuni ikijua hivyo, sioni ni kwa sababu gani mhandisi atakayeomba nafasi baada yenu arudishwe mlangoni.

Kuhusu wewe mwenyewe, jiandae. Huenda ukanyang'anywa mamlaka ya kusaini kwa muda, au ukashushwa daraja, au hata ukapoteza nafasi. Kaa na ndugu zako kabla ya kutuma barua, waeleze, mpange nani atachangia matibabu ya mzee kwa miezi michache ikiwa mshahara utakatika. Usiwaombe waamue kama utume au usitume. Mtu mwenye miaka kumi na minne katika usanifu wa kumbukumbu za prosesa hakosi kazi kirahisi. Na mwajiri ajaye akiuliza ulitokaje, utakuwa na habari unayoweza kuisimulia ukimtazama usoni.

Mama yake kijana usimwendee na mambo ya foleni na viini. Mwachie mwanawe aamue kama mama ataambiwa, na lini. Akishaambiwa, hapo ndipo uende wewe mwenyewe, mchana, ukapige hodi.

Mwisho ni kuhusu lile benchi nje ya wodi. Barua yako inasomeka kana kwamba ulipaswa kuwa na nguvu zaidi usiku ule. Mimi nasema hukupaswa kuwa unasaini kitu chochote usiku ule, na hapakuwa na utaratibu wa kukuruhusu useme hivyo. Kwa hiyo baada ya yote haya kutulia, ukiwa bado upo kazini, omba mabadiliko mawili katika sehemu yako: kibali cha kuruka hali yoyote kisainiwe na watu wawili, mmoja wao akiwa ameambatanisha uthibitisho au sababu iliyoandikwa kwa usanifu huo na si uliopita, na safu ya msaini isogezwe iwe kando ya safu ya mhusika, ili lile jedwali likifunguliwa kwenye skrini majina yote yaonekane kwa pamoja.